Kabichi ya Simsim Mbele ya Wakwe

Binti yangu Kajuju alienda Nairobi kusomea upishi, akarudi nyumbani Nkubu na ujuzi wa kuandaa kabichi bila kuwasha jiko. Hayo ndiyo masomo.

Siku ambayo mchumba wake Mwirigi na wazazi wake walikuwa wanatoka Kangeta kuja kumposa, mimi niliamka mapema, nikaponda mukimo wa viazi na mahindi na kuiacha nyama itokote polepole. Yeye alisimama mezani akikata kabichi nyembamba kama nyuzi, kisha karoti, matango na pilipili hoho, vyote vibichi. Akakaanga simsim kidogo, akaitwanga, akaichanganya na siki, sosi ya soya, tangawizi na asali, akamwagia mboga zake. Halafu akaziweka kwenye friji. Kwangu mimi friji ni ya chakula kilichobaki wageni wakishaondoka.

"Hiyo ni ya mbuzi gani?" nikamuuliza.

"Ni saladi ya Kiasia, Mum. Inaliwa ikiwa baridi."

"Kwani hao Waasia hawana kuni?"

Akacheka na kwenda kuoga. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nimepikia harusi na matanga ya Nkubu hii tangu niolewe, na sijawahi kumpa mgeni chakula baridi. Tena msichana asiyejua kupika hatukanwi yeye. Anatukanwa mama yake. Sikuwa tayari watu wa Kangeta wapande gari kurudi kwao wakisema Angeline hakumfunza mtoto wake jikoni.

Basi nikalitoa lile bakuli. Nikakata vitunguu na nyanya, nikamwaga mafuta kwenye sufuria, nikaikaanga saladi yote kama kabichi ya watu wenye akili. Siki ikanipanda puani, asali ikashika chini ya sufuria. Nikatia chumvi ya kutosha. Sikuonja. Mwanamke wa umri wangu haonji kabichi.

Wageni walipoketi, Kajuju alikuja kupakua, akaona bakuli lake linafuka moshi. Akaniangalia. Mbele ya wakwe hakuna kugombana na mama, kwa hiyo akaanza kuwapakulia mukimo, nami nikajiambia kwamba siku moja atanishukuru.

Mama Mwirigi akasogeza mukimo wangu pembeni.

"Mimi leo nimekuja kukula ile mboga ya simsim," akasema. "Mwirigi amenisumbua nayo tangu Krismasi. Ati hajawahi kula kitu tamu hivyo. Iko wapi?"

Kajuju akampakulia. Mama Mwirigi akatia mdomoni kijiko kimoja, akatafuna, akaacha kutafuna, akameza kwa nguvu na kuomba maji. Mwirigi naye akaonja, akamwangalia mchumba wake kwa mshangao.

"Ni hii?" mama yake akauliza.

Nilingoja mtoto anitaje. Ilikuwa haki yake.

"Ni hiyo, Mama," Kajuju akasema, macho chini. "Leo imenishinda."

Nikaona aibu. Nikasimama.

"Mama Mwirigi, si yeye. Yake ilikuwa kwenye friji, nzuri tu. Ni mimi niliitoa nikaikaanga, nikaiharibu."

Sijawahi kusema maneno kama hayo mbele ya wageni. Mama Mwirigi akacheka kwa upole, akanipigapiga mkono.

"Wewe, Mama Kajuju? Wewe uharibu kabichi? Mpaka kwetu Kangeta watu wanajua mkono wako. Ungeniambia ni mtu mwingine, ningeamini."

"Nakuambia ukweli. Ni mimi."

"Kaa chini, mama. Hata mimi ningemfunikia aibu msichana wangu hivyo hivyo."

Kisha akamgeukia Kajuju, akamwangalia kwa huruma, huruma ile mtu humpa mtoto aliyekosa malezi.

"Usiogope, mwari. Ukikuja kwetu, mimi nitakufundisha kupika."