Karatasi ya Moyo wa Mama

Kwetu ulikuwa huwezi kuugua hivihivi. Ukipiga chafya mbili, baba anakuuliza faili lako liko wapi. Alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya malori, na alipostaafu, stoo ikamfuata nyumbani. Kabati ambalo mama alilinunua kwa ajili ya mashuka likageuka kabati la magonjwa: faili la mama, faili lake, faili langu, kila moja limebandikwa kadi ya stoo yenye safu ya kilichoingia na kilichotoka. Ukitaka vyeti vyako vya hospitali, unasaini. Mama alimbandika jina la Bwana Stoo, na mashuka akayahamishia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mimi ni msusi. Mdomo ni sehemu ya kazi, na baba alinipa ya kuchekesha wateja tele. Niliwaambia kwetu hata mafua yana rafu yake. Lakini moyoni nilimheshimu. Kazini hakuna fundi aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Ukimuuliza boliti, atakwambia iko wapi, na asipokuwa na hakika atainuka akaitazame kwa macho yake. Akiba haiozi, alikuwa akisema, na maneno hayo aliyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kabati.

Katika makaratasi yote yale, la maana hasa lilikuwa moja. Miaka michache nyuma mama alipimwa moyo kwenye zahanati fulani, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Mganga alisema moyo wake una namna yake ya kupiga, mistari yake haifanani na ya watu wengine, ila asiogope, anaweza kuzeeka nao. Akasisitiza tuitunze ile karatasi, kwa sababu siku mama akishikwa na kifua, daktari yeyote ataitaka ailinganishe na kipimo kipya. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu alikuwa akiitoa mara kwa mara, anaitazama, anairudisha.

Kisha mvua ikaja na paa likavuja juu ya kabati. Faili langu likalowa chapachapa. Baba hakula siku ile. Kesho yake aliyabeba mafaili yote hadi kwa mwenye duka la kuchapa pale kona, anayefunika vyeti vya watu kwa plastiki kwa mashine ya moto. Makaratasi yakatoka yanang'aa, maji yasiyaguse tena. Moja tu lilitoka jeusi tii. Baba akauliza, na mchapaji, ambaye hakutaka lawama, akamjibu kwamba picha za hospitali zikipita kwenye mashine ndivyo zinavyokuwa; kwani hajawahi kuona za mifupa? Akitaka kuisoma aiinue kwenye mwanga. Baba alikuwa ameziona za mifupa, na kweli zilikuwa nyeusi. Akaridhika. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile niliona tu kabati zima linameta, na mama anauliza kama naye atafunikwa plastiki ili adumu.

Mama alishikwa asubuhi moja, akiwa anachambua mchele. Aliniambia kifua kinambana na mkono wa kushoto umekuwa mzito, na jasho lilikuwa likimtoka wakati sisi tunaona baridi. Mimi nilikimbilia gari. Baba alikimbilia kabati. Njia nzima mama aliegemea bega langu, na baba mbele amekumbatia faili. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba leo Bwana Stoo kapata mteja.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, asiyepoteza maneno. Alimbandika nyaya, akaitazama mistari ikitoka kwenye mashine, na uso wake ukabadilika kidogo. Akatuita pembeni. Alisema mistari ni mibaya. Kama imeanza leo, basi mshipa wa moyo umeziba, na ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini lazima aipate sasa hivi. Ila kama ndivyo moyo wake ulivyo siku zote, dawa hiyohiyo, kwa umri wake na presha aliyokuja nayo, inaweza kumvujisha damu kichwani. Damu ya kuthibitisha ilishatolewa, na majibu yasingerudi upesi. Akauliza kama mama aliwahi kupimwa moyo.

Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha ndani ya hospitali ila dakika ile. Alisema kipo, akafungua faili, hakupapasa hata kidogo, akatoa.

Daktari aliipokea, akaigeuza. Akaiinua kwenye taa, akaishusha.

"Mzee, hii ilipitishwa kwenye moto?"

Baba akasema ilifunikwa plastiki, isiharibike. Daktari akaeleza taratibu, na kwa hilo namshukuru, kwamba mashine ya moyo haitumii wino. Inaandika kwa joto. Karatasi hiyo ukiichoma yote, yote inageuka maandishi. Mimi nikatoka mbio kupiga simu kwenye ile zahanati kuulizia nakala. Namba haikuwepo tena. Nikampigia jirani anayekaa mtaa ule, akaniambia zahanati ilifungwa zamani, siku hizi pale wanauza magodoro.

Niliporudi, daktari alikuwa amemwekea baba kipimo kipya mbele ya macho.

"Ile ya zamani uliitazama mara nyingi. Ilifanana na hii?"

Baba akaitazama. Kidole chake kikafuata mistari mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akikagua bidhaa. Mama kule kitandani alikuwa amefumba macho.

"Ilifanana," alisema. "Ndiyo hiyohiyo."

Daktari akamuuliza tena kama ana hakika. Akasema anayo. Basi dawa ile hawakumpa. Walimpa aspirini na oksijeni, wakasema tusubiri majibu ya damu. Majibu yalirudi alasiri, na yalisema mshipa umeziba. Muuguzi alianza kuitayarisha dawa. Mama alikata roho kabla hajamaliza.

Tulizika. Watu walikuja, wakasema kazi ya Mungu haina makosa, wakala, wakaondoka. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu, na mchapaji, na paa, na hao wa magodoro. Na baba pia. Nilimpikia chai bila kumsemesha.

Wageni walipokwisha nilimkuta chumbani, kabati wazi, amesimama dirishani na lile karatasi jeusi. Alikuwa akiligeuzageuza kwenye jua. Sikuwa na kejeli hata moja. Nilikaa kitandani, upande wa mama.

"Sikukumbuka," alisema bila kugeuka. "Nilipoonyeshwa ile mistari sikukumbuka kitu. Nilishindwa kumwambia yule daktari kwamba cha stoo yangu mwenyewe sikijui."

Nilisikia watoto wa jirani wakicheza nje. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka pia kumshika mkono.

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na yananiomba.

"Labda ilifanana kweli," alisema. "Wewe uliiona kabla haijaungua. Ilifanana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini karatasi ile nilipita mbele yake miaka yote nikiicheka, na hata siku moja sikuitazama.

"Sijui, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akalirudisha lile karatasi kwenye faili la mama, akachukua kalamu, akatafuta kwenye kadi mahali pa kusaini.