Mti Wenye Ukungu

Ndalahwa alikuwa fundi hodari wa maabara, lakini ulimi wake, jamani! Ulikuwa na mbio kuliko akili yake.

Mwaka tisini na nne, mitumba tele mitaani na umeme haba, alipanda kijiji cha Buswelu kwa Mama Mhoja, mganga wa vidonda, akapewa gome lake la dawa, la mti uliosimama peke yake nyuma ya nyumba. Maabarani aliliosha kwa spiriti, akalikata vipande, akavilaza kwenye visahani. Kutoka ndani ya gome ukaota ukungu mweupe, na kila alipoupanda karibu na vijidudu vya vidonda, vijidudu vilikufa. Akajaribu magome ya miti mingine ya aina ile ile. Wapi! Ukungu ule ulikaa kwenye mti wa Mama Mhoja tu.

Alirudi Buswelu mbio kutoa habari. Mama Mhoja alikuwa anatwanga.

"Mama, nimegundua! Kumbe si mti wako unaoponya. Una ukungu ndani!"

Akacheka, akaaga, akawahi gari la mjini.

Wiki mbili baadaye ukaja mgao wa umeme, friji yenye visahani ikazimika siku nne. Visahani vyote viliharibika. Ndalahwa hakuhuzunika sana. Si mti upo? Akachukua kisu na mifuko, huyoo Buswelu.

Nyuma ya nyumba alikuta kisiki kimechomwa moto mpaka mizizini.

"Shikamoo, mama," alisema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Mama Mhoja alimshika mikono yote miwili. "Nisamehe. Nilikupa gome bovu, na wewe una kazi ya watu. Usingeniambia, ningeendelea kuwabandika wagonjwa uozo. Nimewazungukia wote kuwaomba radhi. Uganga nimeacha."

Ndalahwa aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angeweza kunyamaza, akaondoka zake amesamehe kosa ambalo ni lake mwenyewe. Moyo ulimkatalia. Aliketi pale pale kwenye majivu.

"Mama, mti haukuwa mbovu. Ukungu ule ndio uliokuwa dawa. Mimi ndiye sikukueleza."

Mama Mhoja alikitazama kisiki.

"Sisi mahindi yakiingia ukungu tunachoma," alisema taratibu. "Na wewe umezaliwa huku huku, unajua. Ungeongeza neno moja tu, mwanangu. Ungesema ukungu mzuri."