Mapezi Yaliyovuta Kushoto

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununua, na anayebisha aje auone ubao wenyewe umeegemea ukuta wa chumba changu cha ufundi. Najua mtaani mnaniita Bwana Chuku. Sawa. Hata mpiga chuku siku mojamoja hufikwa na jambo la kweli.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa feni za dari. Katika ukumbi mmoja wa harusi nilirekebisha feni, ikapata nguvu hata ikampeperusha bwana harusi, akatua kwenye meza ya wakwe. Hilo nalo ni kweli, ila silo ninalolisimulia leo.

Ninalolisimulia ni la mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayepanda mawimbi kwa ubao. Mwaka jana alianguka vibaya, goti la kushoto likateguka. Alijifunza kutembea upya, akarudi majini akichechemea. Jumamosi ya wiki ninayoisimulia, kocha alikuwa achague watakaoingia timu. Mama yake ni muuguzi, hana mzaha na viungo vya watu, na alikwishasema: "Goti likikataa, basi. Ubao tunaugawa."

Sasa, chini ya ubao, upande wa mkia, kuna mapezi kama ya samaki. Ndiyo yanayoushika usiteleze ovyo unapokata kona. Yake yalikuwa ya plastiki, na kila akigeuka kwa nguvu mkia ulimponyoka. Nikamwambia, "Niachie mimi. Nimezeeka na mapanga ya feni mikononi. Upepo na maji ni ndugu."

Tulianza na pezi moja kubwa la mti mgumu. Likashika maji mno, ubao ukakataa kugeuka.

"Babu, hili ni pezi au nanga?"

Nikachonga mawili madogo. Hayo yalikwenda mbio, mtoto akafika ufukweni, kivuli chake kikafika baadaye kinahema. Lakini kwenye kona, mkia ukaponyoka vilevile. Mwisho nikachonga matatu, moja la katikati na mawili ya ubavuni, kila moja limetuna upande mmoja na bapa upande wa pili. Niliyapiga msasa mpaka yakang'aa, nikayatazama kama mtu aliyepata wajukuu wapya.

Akapanda wimbi la kwanza, ubao ukavuta kushoto. La pili, kushoto. Alitoka majini amelishika goti.

"Babu, haya uliyajaribu?"

Mdomo huponza kichwa. Ningesema hapana, yangeisha. Lakini alinitazama kama anayemtazama fundi mkuu wa dunia.

"Kwani vipi? Jana alfajiri, mmelala. Niliuchukua ubao wako nikasimama wima. Ukanyooka kama rula."

"Wewe? Ulisimama?"

"Na watu nikawapungia mkono."

Nilitegemea acheke. Akakaa mchangani. "Basi ni mimi," akasema. "Kama kwako ulinyooka, basi ni goti. Linalemea kushoto na mimi hata silihisi."

Jioni nikamsikia jikoni akimwomba mama yake ampigie kocha, jina lake litolewe. Binti yangu hakusema "si nilikwambia." Alizima jiko, akamshika bega. 

Nikaingia chumba cha ufundi, nikayafungua mapezi yangu, nikayapanga mezani kando ya yale ya plastiki. Mapezi ya plastiki ya ubavuni yalitazamana, bapa kwa bapa, kama viganja vya mtu anayetaka kupiga makofi, na la katikati limetuna pande zote sawasawa. Yangu yote matatu yalitazama upande mmoja. Kwenye feni, panga moja likikaa kinyume na wenzake, feni haipulizi. Mkono wangu ulichonga ulichozoea. Nilikuwa nimemfungia mtoto feni chini ya ubao, nayo ilikuwa inamsukuma kushoto kila wimbi. Goti lile halikuwa na kosa lolote.

Nikachonga upya, safari hii la kulia na la kushoto yakitazamana, na la katikati limetuna pande zote. Asubuhi nikamwendea na mpango wa mtu mwerevu: sisemi kitu, atajaribu, atafurahi, yamekwisha.

"Jaribu mara moja tu."

"Wacha, babu. Kwako ulinyooka."

"Nimerekebisha kidogo."

"Kitu kilichonyooka kama rula umekirekebisha nini?"

Nikajifanya naufuta ubao vumbi.

"Uliposimama," akauliza taratibu, "ulitanguliza mguu gani?"

"Yote miwili."

Mama yake alikuwa anafunga viatu vya kazini. Akainua kichwa. "Baba, wewe hata bafuni unashika ukuta usiteleze."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapohapo mlangoni. Nikayasema yote, feni na alfajiri ya uongo. Mjukuu hakupiga kelele. Angepiga, ningeshukuru.

"Nimekesha nikililaumu goti langu," akasema. "Nimelilia, babu."

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Baadaye. Kocha amenipa mpaka adhuhuri niamue kama najitoa, na mimi maneno yako siyaamini tena. Nitaamini macho yangu: utapanda wewe, goti langu lisiwemo. Vaa kaptula."

Basi nikavaa. Maji yalikuwa baridi ya kukata maini, nami nimelala kifudifudi juu ya ubao, kamba mguuni, nimeng'ang'ania kingo zake. Wapanda mawimbi wenzake mjukuu, kumbe wamekwishasimuliwa, wakajipanga ufukweni.

"Bwana Chuku! Leo hutupungii mkono?"

Mjukuu alisimama nyuma yangu, maji yamemfika kifuani. Wimbi lilipokuja akanisukuma kwa nguvu zake zote. Nikafumba macho, nikawataja marehemu wetu mmoja mmoja, nikajikuta nimelala mchangani, pua imejaa maji. Nilipogeuka, hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama njia niliyopita.

"Umenyooka?" nikamuuliza, nikikohoa.

"Uliegemea kulia kwa woga. Sijaona vizuri." Akauvuta ubao kuurudisha majini. "Tena."

"Na goti?"

Akasimama kidogo, kama anayelisikiliza.

"Halijasema kitu. Panda, babu."

Nikapanda.