Chuma Chini ya Jiwe la Mpaka

Siku ile chama cha wapima ardhi kilileta watu watatu uani kwangu, na mjukuu wangu akasimama katikati yao kama mshtakiwa. Jirani yangu alidai kwamba mjukuu wangu, alipopima kiwanja changu, alisogeza jiwe la mpaka hatua mbili ili aniongezee. Ikithibitika, leseni yake ya upimaji ingefutwa.

"Chini ya jiwe huzikwa chuma, bibi," mwenyekiti wa chama aliniambia. "Jiwe likihamishwa, chuma hubaki. Tutachimba."

"Chimbeni tu, mzee," mjukuu wangu alisema. Hakuwa na wasiwasi. Mwenye wasiwasi nilikuwa mimi.

Jembe lilishuka, likashuka tena. Udongo mtupu.

"Si niliwaambia?" jirani alicheka. "Fisi mmempa bucha alinde."

Mjukuu wangu alinitazama. Nikaona nikinyamaza, nimemzika mimi mwenyewe.

"Chimbeni pale kwenye kamba ya nguo," nikasema. "Jiwe nililing'oa mimi nikalisogeza, huyu akiwa bado anatambaa. Lilikuwa linanikwaza nikianika."

Walichimba pale, na jembe likagonga chuma.

Mwenyekiti akamgeukia mjukuu wangu. "Mbona hukuchimba kwanza ndipo upime? Hilo si ndilo somo la kwanza?"

"Ni kwa bibi yangu, mzee. Nilimwamini."

Hakuna aliyecheka, hata jirani. Walimwachia leseni, wakampa onyo la maandishi. Jioni tulilirudisha jiwe pamoja juu ya chuma chake, kisha kamba ya nguo nikaihamisha mimi.