Hukumu ya Mtemi Asiye na Kichwa

Kesho yake baada ya Wajerumani kumkata kichwa Mtemi Matonya wa Mlali, mwili wake uliamka mapema, ukafungua zizi na kupapasa matumbo ya ng'ombe kujua kama wameshiba. Mkewe, Matika, alikuwa akipepeta uwele. Aliuambia ujifunge shuka vizuri, kuna baridi.

Kosa la Matonya lilikuwa kusema kwamba malisho ya Mlali hugawanywa na watu wa Mlali. Kichwa kilichemshwa, kikatiwa sandukuni, kikapelekwa Ulaya kupimwa. Bwana shauri, yule Mjerumani mkubwa wa boma, akamleta Akida Shaibu kutoka pwani aje kuamua mashauri.

Shaibu alishinda barazani peke yake. Watu walikwenda kwa mwili. Mtu alieleza neno lake, mwili ukamwekea kiganja kifuani, na mwongo akasukumwa kando. Ndugu wawili waliogombea kisima waliondoka wamepatana, ingawa mmoja alinuna.

Shaibu alipeleka habari bomani. Bwana shauri akaja na askari, akaeleza, Shaibu akitafsiri, kwamba kwa sheria mtu asiye na kichwa hawezi kutawala.

“Kichwa mnacho nyinyi,” Matika alisema. “Kirudisheni, ndipo mtufundishe sheria.”

Bwana shauri alijibu kwamba kichwa sasa ni mali ya serikali. Kisha akautazama mwili, akaona mikono ingali na nguvu. Mnyororo wa shingoni ulikuwa ukichomoka, kwa hiyo askari wakaufunga kiunoni, wakaupeleka mwili kubeba mawe ya reli.

Watu wa Mlali wakawa wanayapeleka mashauri yao huko huko. Walichapwa viboko kwa kuchelewesha kazi. Waliochapwa walifunga nguo zao, wakarudi kungoja zamu.

Zamu ya Matika ilipofika, alisema ana shauri na serikali. Mmemuua mtu, alisema, mmechukua nchi, na maiti yake mnaitumikisha. Alisema kwa sauti ya chini.

Mwili ukatua jiwe. Ukajigusa shingoni, kisha ukaipiga ardhi kwa kiganja. Wote walielewa: kichwa kirudi, na nchi irudi. Shaibu naye alielewa, akageuka upande.

Askari walimchapa Matika mbele ya mwili, kisha wakaubebesha mwili jiwe jingine.

Reli ilifika Dodoma, ikapita, ikaelekea magharibi. Hukumu haikutekelezwa.