Radhi ya Safari

Mimi ni mwosha. Nasema mapema, mtu asije akanishangaa nikizungumza mauti kama wengine wanavyozungumza bei ya nazi. Hapa Timbwani, Likoni, mwanamke akifa, kabla kilio hakijatulia, utasikia, "Muiteni Mwanamkasi." Nakwenda, nafunga kanga kiunoni, namwosha, namkafini, narudi kwangu. Wahenga walisema mwosha huoshwa, na mimi neno hilo silikimbii. Wanawake niliowafundisha kazi wapo. Wataniosha vizuri, na wasiponiosha vizuri nitainuka niwatukane.

Lililonitia hofu ni kaburi. Kwetu mwanamke hupokewa kaburini na watu wake: mumewe, mwanawe, nduguye. Mume wangu kafa, ndugu zangu wametangulia, nimebaki na Stambuli, mwana mmoja basi. Najua sheria inaruhusu watu wema wamshike asiye na wake. Usinisomeshe, hayo nayajua. Lakini mara ngapi nimemfunga mwanamke sanda, nikamtoa mlangoni kwa jeneza, nikasikia wanaume wanaulizana, "Huyu ni nani?" Moyo wangu ukaapa: mimi atanipokea mwanangu.

Na mwanangu huyo ni rubani. Mwaka huo wa tisini na tano alikuwa kapteni katika kampuni ndogo iliyopeleka watalii Lamu na mbugani kutoka uwanja wa ndege wa Changamwe. Asubuhi akivuka feri na shati lake jeupe, mistari minne ya dhahabu mabegani, hata wauza korosho walimpisha. Nami nikijua, wallahi, nilikuwa nikichelewa kusudi kuingia ndani ili watu wanione naagana naye.

Basi siku moja, tumemaliza kula, akaniambia kampuni kubwa ya ndege ya Maskati inamtaka. Mkewe, Sidi, alikuwa akikusanya sahani, akasimama asikie.

"Mistari mingapi huko?" nikamuuliza.

"Mitatu, mama. Kule kila anayeingia huanza chini, hata kama kwao alikuwa kapteni. Nitakuwa msaidizi mpaka zamu yangu ifike."

"Yaani hapa u mke mkubwa, ukaolewe kule uwe mke mdogo! Stambuli, una akili wewe?"

Sidi alicheka ndani ya kanga. Stambuli hakucheka.

"Na mimi nikifa?" nikasema. "Mtu akifa hapa asubuhi, alasiri keshazikwa. Maiti haingoji ndege. Utafika hitimani, ule pilau, urudi zako. Nani atanipokea?"

Alitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Basi nitakaa, mama. Limekwisha."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Jioni ile nikawatangazia majirani wote kwamba Maskati wamemtaka mwanangu na yeye kawakataa kwa ajili ya mamake. Wote isipokuwa Badi. Huyo sikuwa nasema naye.

Badi ni mwana wa Tumu, jirani yangu. Tumu alijifungua akaugua, maziwa hayakutoka, na mimi nilikuwa na Stambuli mchanga, nikawanyonyesha wote wawili, huyu kulia huyu kushoto. Tumu, Mungu amrehemu, hakuinuka. Mtoto akalelewa na nyanyake, akakua, akawa muuza maji kwa mkokoteni, shavu limejaa miraa, mdomo hauna breki. Siku moja alinitania mbele za watu, ati nikimtazama mtu sana ujue nampima sanda. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikampiga marufuku asikanyage baraza yangu.

Tangu Stambuli aseme atakaa, alianza jambo jipya. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huja chumbani kwangu, akakaa chini miguuni, akasema, "Mama, niwie radhi." Mwanzo nilifurahi. Nikasema mtoto kakua, anajua thamani ya mzazi. Lakini radhi mtu huiomba akienda Hija, akienda kuoa, akisafiri mbali asikojua atarudi lini. Mtu wa kwenda Lamu na kurudi alasiri, radhi ya kila siku ya nini?

Asubuhi moja akaongeza neno. "Mama, niwie radhi. Na maziwa yako unihalalishie."

Neno lile nalijua linakosemewa. Mimi huitwa mapema nyumba za wagonjwa, wakati mwingine mwenyewe bado anapumua, na nimelisikia likitoka kwa watu ambao kesho yake hawakuamka.

"Alaa! Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi huko Lamu kuna nini?"

Akanibusu mkono, akatoka. Nikaita, "Sidi!"

"Abee, mama."

"Mumeo ana nini? Na usinifiche, nitakuona tu."

Sidi akaketi kizingitini akalia. Akaniambia injini ya kushoto ya ile ndege imezimika mara mbili wakiwa juu ya bahari, watalii nyuma wanapiga picha hawajui. Stambuli kamwambia tajiri wake, na tajiri kamjibu kwamba wageni washalipa, asiyetaka kuruka aende zake, wanaokitaka kiti chake wamejaa. "Akiacha hana pa kwenda, mama," akasema Sidi. "Pa kwenda palikuwa Maskati. Na huko ulimkataza."

Nilikwenda uani nikajifanya nachagua mchele.

Mwaka uliotangulia, feri ya Mtongwe ilipozama, niliosha wanawake mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini sikuwalilia sana wale niliowaosha. Niliwalilia waliosimama ufuoni wakingoja mtu wao, bahari isiwape hata kanga yake. Na mimi hapa nimekaa napigania wa kunipokea kaburini, kumbe mwanangu kila asubuhi ananiaga, asijue kama yeye kaburi atalipata! Nilimkasirikia tajiri yule, nikamkasirikia Stambuli, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Mchele ukanimwagika. Nikauacha pale pale kuku wakala.

Siku ile kila ndege iliyopita juu nilitoka nje kuitazama. Stambuli aliporudi alasiri sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Kaa," nikamwambia. "Injini imekuzimikia juu ya bahari. Mbona hukuniambia?"

Alimtazama Sidi, kisha mimi. "Ulikuwa ushasema nikae, mama."

Neno hilo liliniingia. Nikasema, "Sikiliza. Radhi ya safari nimekupa. Nenda Maskati na mkeo, hata kesho. Lakini radhi ya kufa sikupi! Na maziwa yangu sihalalishi mpaka nikuone umeota mvi. Umenisikia?"

"Na mistari, mama?"

"Mistari minne haimfundishi mtu kuogelea."

"Na wewe? Nani atakupokea?"

"Hilo niachie mimi."

Mwanamume mzima yule aliweka kichwa mapajani mwangu akalia. "Nilikuwa naogopa, mama," akasema. Nikamshika kichwa kama alivyokuwa mdogo, tukalia wote, na Sidi akalia kwake. Kesho yake hakuvuka feri kwenda kazini.

Waliondoka mwezi wa mfungo tatu. Uwanjani aliniomba radhi, la maziwa hakulitaja, nami nilikuwa nimemkazia macho nione kama atathubutu. Nikarudi peke yangu. Niliposhuka kwenye feri upande wa Likoni, nikamwona Badi kando ya barabara na mkokoteni wake wa madebe ya maji. Aliponiona naelekea kwake, akashika mikono ya mkokoteni akimbie.

"Badi!"

"Labeka."

"Nani aliyekunyonyesha?"

Akatazama chini. "Watu husema ni wewe."

"Watu hawakuwepo, mimi nilikuwepo. Kwa maziwa yale wewe ni mwanangu, sheria yatambua hivyo. Stambuli yuko mbali. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeingia kaburini unipokee. Na siku hiyo usitafune hayo majani yako."

Nilingojea mzaha. Nilikuwa hata nimetayarisha tusi la kumjibu. Badi akauweka mkokoteni chini polepole, akatema miraa, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nikamtazama mabega yale ya kusukuma maji, nikayatazama sana, mpaka akauliza kwa sauti ndogo:

"Wanipima?"

"Nakupima," nikamwambia. "Nataka kujua kama utaniweza."

"Nitakuweza, mama."