Juu ya Goti Hakuna Kitu

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Kokushubira aliota dunia nzima ina kimo cha goti.

Lakini kwanza ijulikane alilala vipi. Alilala amenuna. Yeye na mumewe Byabato walikuwa wamepanga vyumba viwili Kashai, pale Bukoba, na tangu aolewe walikuwa wakiishi watatu. Wa tatu alikuwa chatu mfupi, mnene, wa kahawia na mabaka ya manjano, jamii ya wale wa Afrika Magharibi ambao wakiogopa hujikunja wakawa kama mpira. Byabato alikuwa na kibali cha kumfuga, akampa jina Kashata. Koku hakuwahi kumgusa. Akipita karibu na kisanduku chake cha kioo aligeuza uso pembeni, kama anayepishana na mkwe.

Byabato alisafiri kwenda Karagwe kumzika mjomba wake. Huku nyuma mvua ikakazana na umeme uliokipasha joto kisanduku ukakatika. Aliporudi, kisanduku kilikuwa kitupu.

Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya gunia la mkaa, ndani ya viatu, chini ya mkeka. Kila kilichogusa sakafu alikiinua.

"Tazama na juu," Koku alimwambia.

"Huyu hapandi. Ni nyoka wa chini, kwao analala kwenye mashimo ya panya. Mimi ndiye ninayemjua."

"Sasa amekwenda wapi?"

Byabato alimkazia macho. "Labda wewe unajua. Tangu siku ya kwanza hukumtaka."

"Unasema nimemtupa?"

"Sijasema. Umesema wewe."

Hapo maneno yakaisha. Walilala wamepeana migongo, kila mtu na ukuta wake, na baina yao pakabaki nafasi ya kumtosha mgeni.

Basi usingizini Koku akajikuta sebuleni kwake, na dari iko usawa wa goti.

Watu wote wanatambaa. Jirani yao, Mama Ishengoma, anapita kwa tumbo akiisukuma ndoo ya maji kwa paji la uso, anamsalimia vizuri tu. Koku anaitika. Naye amelala kifudifudi, na haoni ajabu yoyote.

Mlangoni yupo kandambili wa mguu wa kushoto, amevaa miwani.

"Una maficho mangapi?" anauliza.

"Sina hata moja."

Kandambili anasikitika. "Kila mwenye mgongo lazima awe na mawili. Moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Vinginevyo atakulaje chakula na roho haijatulia?"

"Mimi sikuja kujificha. Nimekuja kumtafuta aliyejificha."

"Hujawahi kujificha, halafu unataka kutafuta," anasema kandambili. "Ungejuaje pa kuanzia?"

Koku anaona hoja hiyo ina uzito. Kabla hajajibu, anatokea Byabato akijiburuta, tochi mkononi, futi ya fundi cherehani imemning'inia shingoni. Amechoka. Magoti yamechubuka.

"Nimepima nyumba nzima," anasema. "Juu ya goti hakuna kitu."

"Umepimaje mahali usipofika?"

"Ndiyo sababu nikajua hakuna."

Tochi inainamisha shingo kwa haya. "Mimi huelekezwa tu," inasema.

Koku anageuka ili amjibu mumewe, lakini sebule imekwisha kuwa shimo la panya. Hapakuwa na mlango wala safari. Kuta ni udongo mwekundu, na maji yanachuruzika. Panya mwenye nyumba amekaa juu ya kigae, anakamua mkia wake kama mtu anayekamua nguo.

"Mwenye mabaka hayupo hapa," anasema panya, hata hajaulizwa. "Na wala simlaumu. Akija ananila. Lakini hata angetaka kunila, angekaa wapi? Mvua imeingia mpaka jikoni. Dada yangu, wewe ukishikwa na baridi, unakwenda wapi?"

"Kwenye joto."

"Na joto likiwa halina umeme, lenyewe linakwenda wapi?"

Koku anafikiri. Anaukumbuka moshi wa jiko. Anaukumbuka mvuke wa chungu. Vyote hivyo, tangu azaliwe, hajaviona vikishuka.

"Juu," anasema.

Mara ile dari inaondoka. Haipasuki wala haianguki. Inaondoka tu, kama mtu aliyekumbuka kazi kwingine. Mbele yake limesimama pazia la chumbani kwao, lile la maua ya bluu, refu mpaka mwisho wake hauonekani.

"Nimepandwa," linasema pazia.

"Na nani?"

"Hakutaja jina. Alikuwa na baridi."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Mama, katika nyumba hii ni nani aliyewahi kuniuliza jambo?"

Koku anataka kupanda, lakini mikono inamsumbua. Anaivua, anamkabidhi kandambili amtunzie. Kandambili anaipokea kwa adabu, anaiweka kwenye kivuli.

Bila mikono kazi inakuwa nyepesi. Kiuno kinashika mkunjo mmoja wa pazia, kifua kinasogea mbele, kinashika mwingine. Sehemu moja haiachii mpaka nyingine imepata. Koku anashangaa kwamba miaka yote hii alidhani kupanda ni haraka na nguvu, kumbe ni kutoachia mapema. Pazia linamhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Anavuka fimbo ya pazia, anateleza mpaka juu ya kabati la nguo, kwenye ule mwanya mwembamba ulio kati ya kabati na dari, ambao haupitishi hata mto wa kulalia. Anaingia mwili wote.

Kuna giza, na kuna joto. Bati la paa lilikula lile jua dogo la mchana, likalihifadhi.

"Nakugusa mgongo?" inauliza dari.

"Unanigusa."

"Na mimi tumbo?" linauliza kabati.

"Ndiyo."

"Na mimi ubavu wa kulia?" unauliza ukuta.

"Naam. Bado wa kushoto."

Kitu laini, kizito, kikavu, kinasogea kikamgusa ubavu wa kushoto. Ni Kashata. Koku anangoja mwili usisimke. Hausisimki. Badala yake moyo, uliokuwa ukienda mbio tangu jioni, unakaa chini.

"Unamkimbia nani?" anauliza.

"Kukimbia ni mambo ya wenye miguu," anasema Kashata.

"Mbona umejificha?"

"Sijajificha. Nimekaa. Ninyi ndio hamjaniona."

"Ulipandaje, nawe hupandi?"

Kashata anatoa ulimi, anaurudisha. "Hiyo habari haikunifikia."

Koku anachungulia chini, anakiona kitanda. Anajiona mwenyewe amelala, kanga imemtoka begani. Anamwona Byabato amempa mgongo, lakini macho yake yako wazi. Byabato anageuka taratibu, kama mwizi, anamfunika bega, kisha anarudi kwenye ukuta wake haraka asije akaonekana.

"Hufanya hivyo?" Koku ananong'ona.

"Kila usiku," anasema Kashata. "Huku juu huonekana mengi."

Koku aliamka kumekucha. Mvua ilikuwa imekatika na majogoo wa jirani walikuwa wakibishana. Kanga ilikuwa begani.

"Byabato. Amka ulete stuli."

"Ya nini?"

"Juu ya kabati."

"Koku, nilikwisha kukuambia, huyu ha..."

"Panda wewe, basi."

Byabato alipanda huku akiguna. Akaingiza mkono kwenye mwanya ule, akautuliza hapo.

"Yupo," alisema. Akamtoa polepole, amejikunja kama tonge kubwa, kichwa kimefichwa katikati. Koku alinyoosha mikono yote miwili. Byabato alimtazama, hakuamini, kisha akamshushia. Koku alimpakata kifuani bila kugeuza uso.

"Nimekusingizia," Byabato alisema.

"Ndiyo."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Shuka tutafute mahali pa kumpasha joto."

Lakini Byabato hakushuka. Alisimama kwenye vidole vya miguu, akachungulia tena.

"Kuna nini?"

Juu ya kabati vumbi lilikuwa limelala nene, la miaka. Pale alipokuwa Kashata palikuwa na duara safi, dogo, kama kisahani cha chai. Ubavuni mwake palikuwa na duara jingine, safi vilevile, pana kama ungo.

Byabato aliweka kiganja juu ya lile pana. Palikuwa bado na joto.